Kuchagua Fremu ya Baiskeli Inayokutosha: Mwongozo kwa Watu wa Malindi

"Nina futi tano na inchi sita. Ninunue baiskeli ya inchi ngapi?" Swali hili haliishi. Anayeuliza huwa amesimama mbele ya baiskeli za mtumba zilizopangwa kando ya barabara, muuzaji ameshamwambia "hii ni ishirini na sita, inakufaa kabisa", na pesa ziko mfukoni zinawasha. Basi jua kwanza kwamba ishirini na sita hiyo ni ya gurudumu. Haisemi lolote kuhusu fremu. Baiskeli mbili za gurudumu la inchi 26 zaweza kuwa moja ya mtoto wa darasa la saba na nyingine ya baba yake mwenye futi sita.

Mwongozo huu ni wa anayenunua baiskeli ya kwanza, au ya pili baada ya ile ya kwanza kumtesa magoti. Nimeuandika nikiwa na barabara zetu akilini: lami ya kuelekea Gede na Watamu, mchanga wa Mayungu, njia za mawe za Ganda na Kakuyuni, na msongamano wa sokoni asubuhi. Wa Lamu pia mtafaidika, vipimo ni vilevile, ingawa ndani ya mji wa kale mtaishia kuisukuma zaidi ya kuipanda.

Nadharia ni hii tu. Saizi ya fremu husomwa kwenye paipu ya kiti, yaani ile inayosimama kutoka kwenye pedali hadi chini ya kiti. Unapima kuanzia katikati ya ekseli ya pedali (ile inayopita chini ya fremu, inayoshika mikono yote miwili ya pedali) hadi mdomo wa paipu, pale chuma cha kiti kinapoingia. Baiskeli za milima huandikwa kwa inchi: 15, 17, 19. Za mbio za lami huandikwa kwa sentimita: 50, 54, 58. Black Mamba zetu, zile baiskeli nzito za chuma, nyingi ni za inchi 22 au 24. Mpya za siku hizi huandikwa herufi, S, M au L, na M ya kampuni moja si lazima ilingane na M ya nyingine.

Kanzu ndefu fundi huikata, fupi haina dawa. Fremu ni kinyume chake: ndogo kidogo utainua kiti na kusogeza usukani, mambo yakaenda. Kubwa haikatwi.

Andaa hivi kabla ya kwenda dukani

- Futi ya fundi cherehani, au tepu ya chuma.
- Kitabu chenye jalada gumu, uti wake uwe na unene wa vidole viwili hivi.
- Penseli na ukuta ulionyooka.
- Mtu wa kukusaidia. Kujipima peke yako utainama, na ukiinama kipimo kimeharibika.
- Spana malaya na alenki. Muuzaji anaweza kuwa nazo, anaweza pia kusema hana.
- Uzi wa sentimita themanini hivi na nati moja ya kufunga kwenye ncha.
- Simu, kwa ajili ya kikokotoo.
- Viatu na nguo utakazoendeshea kwa kweli. Kama siku zote unavaa dera, buibui au kanzu, usiende kujaribu baiskeli ukiwa na suruali ya michezo.

Hatua ya 1: Amua baiskeli itafanya kazi gani

Watu huruka hatua hii kwa sababu haina futi wala hesabu, lakini ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Watu wawili wenye mwili mmoja, kazi tofauti, hawapaswi kununua fremu moja.

Kazi ya mjini ni ile ya kutoka Maweni au Muyeye kwenda sokoni, kazini, msikitini, kumpeleka mtoto shule. Safari fupi, kusimama mara kwa mara, tuktuk na bodaboda zikikukatia mbele. Hapa unataka kukaa wima, uone mbali, usukani uwe sawa na kiti au juu yake. Fremu isiwe ndefu kwenda mbele.

Kazi ya mizigo ni shughuli nyingine kabisa. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20, na watu hufunga minne. Weka madafu, mkaa au kreti ya samaki badala yake, hesabu ni ileile. Baiskeli yenye kilo 80 nyuma ikianza kulala upande, hakuna mkono utakaoizuia. Kitakachoizuia ni mguu uliofika chini mapema. Mbeba mizigo achukue fremu ya chuma, saizi moja chini ya anayoambiwa na hesabu, na kiti akishushe kidogo. Atapoteza nguvu kidogo kwenye pedali. Potelea mbali, mifupa yake itakuwa salama.

Safari za mbali kwenye lami, kama kwenda Mambrui au Watamu na kurudi, zinataka mwili ulale mbele kiasi. Si kwa ajili ya mwendo peke yake. Wakati wa kusi, ukielekea kusini, upepo unakupiga usoni na ubavuni njia nzima, na aliyekaa wima kama mwenyekiti wa harusi ndiye anayeubeba wote kifuani. Kaskazi ukiingia, mateso yanahamia safari ya kuelekea Mambrui. Hapa fremu ndefu kidogo inasaidia.

Halafu kuna mchanga na njia za msituni: ndani ya Arabuko-Sokoke, kandokando ya mkondo wa Mida, njia za mashambani zenye ncha za matumbawe. Baiskeli itateleza na utaruka chini bila kupanga. Unataka nafasi ya kutosha kati ya msamba wako na paipu ya juu, na tairi pana.

Ukifanya zote nne, chagua ile unayofanya siku nyingi za wiki. Ile ya Jumapili moja kwa mwezi isikununulie baiskeli.

Hatua ya 2: Pima msamba wako

Acha urefu wa mwili. Kipimo tunachotaka ni kutoka sakafuni hadi msambani.

Vua viatu. Simama mgongo, matako na visigino vikigusa ukuta, miguu imeachana kama shubiri moja. Weka kitabu katikati ya mapaja, uti wake ukiangalia juu na ubavu wake mmoja ukigusa ukuta ili kisipinde. Kivute juu mpaka kikubane sawasawa na kiti cha baiskeli kitakavyokubana. Ndiyo, kinabana, kisipobana kipimo si cha kweli. Mwenzako achore mstari ukutani usawa wa ukingo wa juu wa kitabu. Sogea, pima kutoka sakafuni hadi kwenye mstari kwa sentimita. Rudia. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, rudia tena.

Kosa la kawaida: kutumia kipimo cha mguu cha fundi wa nguo. Mshono wa ndani wa suruali huanza chini ya msamba na haufiki sakafuni, kwa hiyo namba yake huwa fupi, na itakununulia baiskeli ndogo.

Kwa nini tunasumbuka hivi? Chukua watu wawili wenye futi 5 na inchi 6, karibu sentimita 168. Mmoja ana kiwiliwili kirefu na msamba wa 74, mwingine ni miguu mitupu, msamba wa 80. Kwa hesabu ya hatua ya 7, kiti cha wa kwanza kitakaa sentimita 65 juu ya ekseli ya pedali, cha wa pili karibu 71. Urefu mmoja, viti vinapishana kwa sentimita tano na zaidi. Na yule wa kiwiliwili kirefu ndiye atakayehitaji usukani uwe mbali.

Hatua ya 3: Geuza msamba kuwa saizi ya fremu

Kwa baiskeli ya milima, zidisha msamba (sentimita) kwa 0.226; jibu ni inchi. Kwa baiskeli ya mbio za lami, zidisha kwa 0.66, jibu ni sentimita. Ya mjini itumie hesabu ya lami, kisha ugawe kwa 2.54 kupata inchi, na ukiona inapungua inchi moja si neno.

- Msamba 70: milima inchi 16, lami sentimita 46
- Msamba 75: milima inchi 17, lami sentimita 49 au 50
- Msamba 80: milima inchi 18, lami sentimita 53
- Msamba 85: milima inchi 19, lami sentimita 56
- Msamba 90: milima inchi 20, lami sentimita 59

Namba hizi zinakutoa gizani, hazikufikishi nyumbani. Zilitengenezwa wakati paipu ya juu ya baiskeli nyingi ilikuwa imelala sawa na ardhi. Fremu mpya zina paipu ya juu inayoinama kuelekea nyuma, kwa hiyo paipu ya kiti ni fupi ingawa baiskeli yenyewe ni kubwa. Kwa hizo, hatua ya 8 ina uzito kuliko hii.

Na Black Mamba? Kwa fremu ya inchi 22 yenye magurudumu ya 28, paipu ya juu mara nyingi iko zaidi ya sentimita 80 kutoka ardhini. Mwenye msamba wa 77 ataiendesha, wengi wanaiendesha, lakini kila akisimama lazima aiinamishe upande mmoja. Ikiwa na mizigo, hilo ni jambo la hatari.

Hatua ya 4: Pima fremu mwenyewe, usisome stika

Baiskeli ya mtumba imepakwa rangi, imebadilishwa stika, pengine imeandikwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza. Toa futi yako. Katikati ya ekseli ya pedali hadi mdomo wa paipu ya kiti. Muuzaji atashangaa, mwache ashangae.

Ukiwa umeinama hapo, soma namba za ubavuni mwa tairi pia. "Ishirini na nane" ya Black Mamba (28 × 1½) ina kipimo cha rimu cha milimita 635. "Ishirini na nane" ya baiskeli nyingi za Ulaya ni 622, na ile inayouzwa kama 29 nayo ni 622. Tairi ya 635 haikai kwenye rimu ya 622 hata fundi atumie nguvu za jini. Tafuta namba yenye kistari, kama 40-635 au 37-622. Ya pili yake ndiyo rimu. Hili halihusu saizi ya mwili wako, ila utanishukuru siku ya kununua tairi.

Hatua ya 5: Jaribu kiti kama kinapanda na kushuka

Hii ni hatua ya pwani. Chumvi ya bahari inaingia kwenye paipu ya kiti, na kama chuma cha kiti ni cha alumini ndani ya fremu ya chuma, viwili hivyo vikikutana na chumvi vinashikana kama vimechomelewa. Baiskeli iliyokaa miaka miwili bila grisi yaweza kuwa imegoma kabisa.

Fungua nati kwa spana, zungusha kiti kushoto na kulia, kivute. Kikigoma, usikubali maneno ya "fundi atakifungua, ni kazi ndogo". Huenda akakifungua, huenda akavunja fremu. Kiti kisichosogea kinamaanisha baiskeli hiyo ina saizi moja tu, ile iliyoachwa na mwenyewe wa zamani. Kama huna mwili wake, endelea na safari.

Kikitoka, tazama mstari wa mwisho uliochorwa kwenye chuma cha kiti. Mstari huo lazima ubaki ndani ya fremu. Kama umefutika, hakikisha sentimita 8 au zaidi zimebaki ndani, na ncha ya chini ipite pale paipu ya juu inapoungana na paipu ya kiti. Kikiinuliwa zaidi ya hapo, siku moja kitapasua fremu nawe ukiwa juu.

Hatua ya 6: Simama juu ya paipu

Vaa viatu vyako. Panda katikati ya fremu, mbele ya kiti, nyayo zote mbili zikiwa bapa ardhini. Inua baiskeli mpaka paipu ya juu iguse msamba, na mwenzako apime nafasi iliyobaki chini ya matairi.

Mjini na lami: sentimita 2 au 3 zinatosha. Mizigo, mchanga na msituni: 5 au zaidi. Paipu ikikugusa kabla hujainua chochote, mazungumzo ya bei yameisha.

Kosa la kawaida hapa ni kudhani kwamba ukifaulu kusimama, fremu ni yako. Kusimama kunakuambia tu kwamba fremu si ndefu kwenda juu kupita kiasi. Hakukuambii kama ni ndefu au fupi kwenda mbele.

Hatua ya 7: Weka kiti kwenye urefu wake

Zidisha msamba kwa 0.883. Jibu ni umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya kiti, ukipima kufuata paipu. Hesabu hii ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, na mafundi duniani bado wanaitumia kama pa kuanzia.

Huna kikokotoo? Kaa kitini, mwenzako ashike baiskeli. Weka kisigino kwenye pedali iliyoshuka kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande huo. Kisha rudisha mguu mahali pake, sehemu pana ya unyayo juu ya pedali: goti litabaki limekunjwa kidogo. Hapo ndipo.

Kosa kubwa kuliko yote ninayoyaona Malindi ni kiti cha chini. Watu wanataka nyayo zote mbili zikae bapa ardhini wakiwa wamekaa kitini. Wakifanya hivyo magoti yanakunjwa kama ya aliyekaa kwenye kibao cha mbuzi, na baada ya miezi michache wanasema baiskeli ni mbaya kwa wazee. Ukiwa kitini, ncha za vidole kugusa chini kunatosha; ukisimama, shuka mbele ya kiti. Mbeba mizigo namruhusu ashushe sentimita 2 au 3. Anayejifunza naye ashushe mpaka hofu iishe, kisha apandishe kidogokidogo.

Kiti chenyewe kilale sawa na ardhi.

Hatua ya 8: Pima umbali wa usukani

Sasa tumefika penyewe. Urefu wa kwenda juu una dawa, ndiyo maana chuma cha kiti kinasogea. Urefu wa kwenda mbele dawa yake ni kidogo.

Kwanza jua kiti chako kinakaa wapi, mbele au nyuma, na hapo ndipo uzi na nati vinafanya kazi. Kaa kitini, mikono ya pedali iwe imelala sawa na ardhi. Shusha uzi kutoka mbele ya goti la mguu ulio mbele. Nati inapaswa kuning'inia karibu na katikati ya ekseli ya pedali hiyo yenyewe, ile iliyo chini ya unyayo, si ile ya kwenye fremu. Ikiwa mbele sana, rudisha kiti nyuma. Ikiwa nyuma sana, sogeza mbele. Ukishapata, kiache. Usisogeze kiti mbele eti ufikie usukani. Utakuwa umetibu mikono kwa kuumiza magoti.

Kisha kipimo cha mafundi wa zamani: weka kiwiko kwenye ncha ya kiti, nyoosha mkono na vidole kuelekea usukani. Vidole vikifika karibu na usukani au vikikosa kwa upana wa vidole vitatu hivi, uko mahali pazuri pa kuanzia. Ni makadirio, si hukumu.

Hukumu unaipata ukiwa umekaa. Shika usukani kama unavyouendesha kila siku. Viwiko vikunjike kidogo, mabega yashuke, uweze kutazama barabara bila kuvunja shingo. Sasa achilia mikono taratibu bila kubadilisha mgongo, mwenzako akiwa ameshika baiskeli. Ukianguka mbele, fremu ni ndefu au usukani uko chini. Ukijikuta umekaa kama kitini sebuleni, sawa kwa mjini, mateso kwa njia ya Watamu.

Kinachoweza kurekebishwa ni shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika. Zipo fupi na ndefu, na kwa kubadilisha moja unapata sentimita 2 au 3 za kwenda mbele au kurudi. Ukihitaji zaidi ya hapo, fremu si yako.

Hatua ya 9: Iendeshe kabla ya kulipa

Dakika kumi, si kuzunguka mti mmoja. Tafuta barabara ya ndani isiyo na malori. Kata kona kali polepole ukitazama kama ncha ya kiatu inagusa gurudumu la mbele au goti linagonga usukani. Funga breki ghafla ushuke. Kama utabeba mizigo, omba ujaribu na mtungi mmoja kwenye keria. Muuzaji akikataa, mwachie kitambulisho chako. Akikataa tena, nenda kwa mwingine.

Ukijikuta katikati ya saizi mbili

Chukua ndogo. Hiyo ndiyo rai yangu kwa watu wengi, na kwa wabeba mizigo na wa mchangani sina hata mjadala. Anayestahili kuchukua kubwa ni yule wa lami ya mbali mwenye kiwiliwili na mikono mirefu, ilimradi hatua ya 6 aliipita bila kubanwa.

Fremu isiyo na paipu ya juu

Wauzaji huiita ya kike na kuiuza kama haina saizi, eti yeyote anaingia. Anaingia, ndiyo. Kukaa ni habari nyingine. Dada, ruka hatua ya 6, lakini 7 na 8 zifanye kwa makini kuliko mwenye fremu ya paipu, kwa sababu hukuonywa na msamba. Nimeona wengi wamenunua fremu fupi mno na magoti yanagonga usukani kila kona.

Kwa aliyevaa buibui au dera, tazama vitu viwili vinavyotoka na fremu: kifuniko kizima cha cheni, na wavu au plastiki juu ya gurudumu la nyuma. Baiskeli za mtumba kutoka Uholanzi mara nyingi huja navyo. Kuvitengeneza baadaye kunawezekana, ila fundi wa bati huvifanya vinapiga kelele. Ukijaribu, kaa na nguo yako, zungusha pedali nyuma na mbele, mwenzako aangalie pindo linaelekea wapi. Wanaume wa kanzu, na nyinyi fremu hii inawafaa, acheni aibu.

Mtoto, na baiskeli ya nyumba nzima

Kwa watoto huangaliwa gurudumu (12, 16, 20, 24) kwa kuwa fremu hukua pamoja nalo. Usimnunulie ya "atakua nayo". Kiti kikiwa chini kabisa, anayejifunza afikishe nyayo zote mbili ardhini na vidole vyake vifike kwenye breki. Asipofikisha, mwaka huo wa kukua atakuwa anaanguka.

Baiskeli ya kushirikiana ichaguliwe kwa mfupi wa nyumba, kisha mrefu ainue kiti. Chora alama za urefu wa kila mmoja kwenye chuma cha kiti, kwa rangi ya kucha hata, msianze kubishana kila asubuhi.

Umeshanunua na kuna kitu kinakusumbua

*Goti linauma mbele.* Kiti kiko chini, au kimesogea mbele sana. Pandisha nusu sentimita kwa wakati mmoja, endesha siku chache, pandisha tena.

*Goti linauma nyuma, au nyonga zinayumba kitini.* Kiti kiko juu. Shusha vivyo hivyo, kidogokidogo.

*Viganja vinakufa ganzi.* Kwanza tazama kama kiti kimeinama mbele kikikusukumia usukani. Kama kimelala sawa, inua usukani au weka shingo fupi.

*Shingo na mabega.* Usukani uko mbali au chini. Dawa ni ileile ya viganja. Isiposaidia, fremu ni ndefu, na ni bora uibadilishane na mtu kuliko kuizoea.

*Makalio yanauma.* Wiki mbili za kwanza ni kawaida. Zikipita, rudi hatua ya 7 kabla ya kununua kiti kipana; kiti kikiwa juu sana huumiza hata kikiwa na sponji ya kitanda.

*Ncha ya kiatu inagonga gurudumu la mbele kwenye kona.* Fremu ni fupi kwako. Usisogeze unyayo nyuma ukakanyaga pedali kwa ncha za vidole. Kama ni kidogo na unaenda kasi barabarani, utaishi nayo, kwani kugongana hutokea kwenye kona za polepole. Kwa mjini na mchangani, iuze.

*Kiti kinashuka chenyewe.* Usikimbilie kukaza nati mpaka ikatike. Mara nyingi chuma cha kiti si cha paipu hiyo: viko vya milimita 25.4, 26.8, 27.2 na vingine katikati, na kwa macho vinafanana. Mwombe fundi mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, apime tundu la fremu, ununue kinachoingia sawasawa. Ukikosa, kipande cha kopo la soda kilichozungushiwa chuma cha kiti kitashikilia. Pakaa grisi ndani na nje ya kipande hicho, na kila baada ya miezi mitatu kitoe, ufute, upake upya.